Meza Namba 27

Kadi ililetwa ofisini na kijana mmoja aliyevaa suti iliyomzidi mabega. Hakuiacha mapokezi kama zinavyoachwa kadi za harusi. Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima mpaka mzee akatoka kikaoni, akampa mkononi, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa orodha ya kampuni za ujenzi. Mbele ya baadhi ya majina palikuwa na alama ya vema, wino wa kijani.

Jina letu lilikuwepo. Vema haikuwepo.

Ilikuwa Julai 2010, mwaka wa uchaguzi mkuu, na mimi nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Dar es Salaam. Tulikuwa daraja la tano, watu wa makalavati, mitaro na barabara za changarawe. Kadi ilitualika kwenye chakula cha jioni cha kuchangia kampeni za chama kimoja cha siasa. Chama chenyewe sikitaji. Ukishakitaja tu, nusu ya wasomaji wanaacha kusoma wanaanza kushabikia, na nusu nyingine wanatukana.

Kadi ilikuwa nzito, karatasi ya kung'aa yenye ukingo wa dhahabu, na haikuwa na bei. Bei alikuja nayo kijana mdomoni. Kulikuwa na meza za almasi, za dhahabu, za fedha, na za kawaida. Ya kawaida, watu kumi, ilikuwa shilingi milioni 15. Alipomaliza kutaja alisema, kwa adabu kabisa, "Mzee, sisi tunapita tu kukumbusha. Hatulazimishi mtu." Akaikunja orodha yake, akaenda zake.

Mzee alibaki ameishika ile kadi kwa muda. Alikuwa mtu mwaminifu, niseme hilo mapema. Alianza na torori mbili na mashine ya kuchanganyia zege aliyoikodi, na hajawahi kunituma nighushi risiti hata moja. Akaniambia, "Andaa hundi."

Nikamkumbusha kwamba Jumamosi tuna malipo ya vibarua wa saiti iliyo nje kidogo ya Kibaha, na kwamba benki tumeshavuka kiwango cha mkopo wa muda mfupi. Akaunti ilikuwa inahema. Kulikuwa na ofisi moja ya umma iliyokuwa inatudai uvumilivu tangu Desemba: kazi imekwisha, imekaguliwa, cheti cha malipo kimetoka, pesa haitoki. Kila tukienda tunaambiwa faili liko kwa fulani, fulani yuko semina.

"Ndiyo maana nakwambia uandae hundi," mzee akajibu. "Umeiona ile orodha? Mimi sinunui chakula, mwanangu. Nanunua vema."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka 15. Watu wanaozungumzia ubaya wa hafla hizi huzungumza kana kwamba mfanyabiashara huenda pale kama mwindaji, anatega mtego apate zabuni. Wapo wa hivyo, tena ndio wa meza za almasi. Sisi wa meza za kawaida tulikwenda kwa woga. Hatukuwa na tamaa ya kupendelewa. Tuliogopa kuwa wale ambao hawakuonekana. Ule wino wa kijani haukuahidi kitu. Ulichofanya ni kukuacha ujiulize mwenyewe, usiku, kitampata nini asiyekuwa nao.

Sasa nilitakiwa kuandika vocha ya malipo, na hapo ndipo nilipokwama. Kwa asiyejua uhasibu, kila shilingi inayotoka lazima iende kwenye kasha lenye jina: mafuta, saruji, mishahara, pango. Milioni 15 za chakula cha jioni zinaingia kasha gani?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakuruhusu kuondoa kwenye mapato yako yale matumizi uliyoyafanya kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo hayo ya biashara. Misaada kwa taasisi za hisani ina kimlango chake chembamba, lakini chama cha siasa si taasisi ya hisani. Nikakaa na kalamu. Nikiandika kwamba hii ni gharama ya biashara, ninakiri kwamba tulitoa pesa tukitegemea biashara irudi, na kuna neno la Kiswahili la kitu hicho. Nikiandika ni zawadi, basi mzee ametoa zawadi kwa pesa ambayo wiki ile haikuwa yake. Ilikuwa ya watu wenye makoleo Kibaha.

Nikaandika "Matangazo." Niliandika haraka, kama mtu anayevuka barabara bila kutazama. Nilipokuja kuulizwa na mkaguzi wa hesabu mwaka uliofuata, nilimwonyesha kijitabu cha ratiba ya usiku ule, ukurasa wa mwisho, ambapo jina la kampuni yetu lilikuwa limechapwa kwa herufi za ukubwa wa mchele kati ya majina mengine mia na kitu. Akatikisa kichwa, akaendelea na ukurasa unaofuata. Na yeye alikuwa ameshaona matangazo ya aina hiyo.

Siku ya hafla ilipofika, mzee alikuwa na viti kumi na watu sita tu, yeye na mkewe wakiwemo. Wengine aliowaalika walikuwa na meza zao, na wasiokuwa na meza zao walijidai wana safari. Kwa hiyo tulijazia sisi: mimi, dada wa mapokezi, fundi mchundo wetu mkuu, na dereva. Dereva alivaa koti la mzee la zamani. Tulikaa meza namba 27, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo kila mhudumu akitoka na trei unapata upepo wa mafuta ya kukaangia.

Nilikuwa nimepiga hesabu kabla hatujafika, ugonjwa wa kazi. Milioni 15 kwa watu kumi ni milioni moja na nusu kwa sahani. Kibarua wetu alikuwa analipwa shilingi 6,000 kwa siku. Sahani moja, siku 250 za koleo. Nikafanya kosa la kumnong'oneza dereva hesabu hiyo wakati supu ya uyoga inaletwa. Aliacha kijiko hewani. Tangu hapo alikula polepole, kwa heshima, kama mtu anayepakua vyombo vya udongo, na kila baada ya muda alinigeukia: "Mhasibu, hapa nimefika laki nne." Kuku alipokuja, "Laki nane hiyo." Walipoondoa sahani yake akiwa bado ana kipande cha kiazi, alimshika mhudumu mkono. "Kaka, acha kwanza. Hapo umebeba elfu sitini."

Tulicheka sana meza namba 27. Nadhani sisi wanne ndio tuliofurahi kuliko wote ukumbini, kwa sababu hatukuwa na cha kuomba.

Baadaye mshereheshaji alianza mnada. Keki iliuzwa kipande kimoja kimoja, kisha ikaja picha ya kuchorwa ya mgombea, na bei ilipanda kwa mamilioni huku bendi ikipiga mdundo mfupi kila mtu anapoongeza. Kisha wakaanza kuita watu kwa kada zao. "Wasafirishaji mpo? Simameni tuwaone. Wenye vituo vya mafuta? Wakandarasi?" Mzee alisimama. Hakuwa amepanga, nilimwona mkewe akimvuta koti. Akasema, "Milioni tano, ahadi." Ukumbi ukapiga makofi, kamera ikamulika, na akaketi akijipangusa paji la uso kwa leso ya mezani. Milioni tano zile hatukuwa nazo popote. Mpaka Novemba kijana wa suti kubwa alikuwa bado anatupigia simu kuzidai.

Meza ya 24, hatua chache kutoka kwetu, alikaa afisa ambaye faili letu lilikuwa kwake. Yule yule wa semina. Mzee alikwenda kumsalimia, nami nikafuatana naye kwa kuwa alitaka kunitambulisha. "Huyu ndiye kijana wangu wa hesabu." Walizungumza kuhusu mvua, kuhusu presha, kuhusu mtoto wa afisa aliyefaulu kwenda kidato cha tano. Faili halikutajwa. Nilikuwa nimesimama pale na masikio yangu mawili, na ningeweza kuapa mahakamani kwamba hakuna neno moja baya lililosemwa. Afisa akanipa kadi yake ya jina, nikaitia mfukoni, tukarudi kwenye tunda.

Tatizo lote la hafla hizi liko kwenye dakika tatu zile, na ndiyo maana ni vigumu kulishika. Mwananchi mwenye dai halali alikuwa ameshindwa kumpata mtumishi wa umma kwa miezi saba, ofisini, saa za kazi, bure. Akampata kwa milioni 15, usiku, kwenye shughuli ya chama.

Jumamosi, pesa ya vibarua haikutosha. Nyapara akanipigia simu kutoka saiti. Kwa nyuma nilisikia sauti za watu wengi wasiosema kitu kimoja. "Mhasibu, niwaambieje hawa?"

"Waambie benki ina tatizo la mtandao. Jumamosi ijayo."

Jumamosi iliyofuata tuliwapa nusu. Wiki ya tatu nilikwenda mwenyewe na bahasha kumalizia, na nilipofika nikashangaa kuona watu wanachemsha mihogo kwenye debe. Nikauliza mama lishe yuko wapi. Kulikuwa na mama mmoja aliyepika chini ya turubai pembeni ya saiti, wali maharage shilingi 1,000, ugali na dagaa mia nane. Vibarua walikula kwake kwa daftari wiki nzima na kumlipa Jumamosi. Nyapara akaniambia amefunga siku nne zilizopita. Mtaji umekatika.

Nilimfuata kwake. Alikuwa amekaa kibarazani anasuka jamvi, wala hakunilaumu. Hakujua mimi nahusika vipi. Alinitolea daftari ili nimsaidie kujumlisha kabla hajaenda kudai. Lilikuwa la mistari mipana, kama la watoto wa darasa la kwanza. Wengi aliwaandika kwa alama zao: "Mrefu," "Mngoni," "Yule wa kofia nyekundu," "Baba Pili." Mbele ya kila mmoja vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelala juu yao. Nilijumlisha. Ikafika shilingi 388,000. Akaniambia, "Hizi zote nilikopa mchele, mwanangu. Mwenye duka naye ananitazama."

Nilikuwa na elimu ya uhasibu ya miaka mitatu na sikuwa nimejifunza kitu kama nilivyojifunza kwenye daftari lile. Pesa ikitoka mahali, inatoka kwa mtu. Kampuni ilichelewesha vibarua, vibarua wakamchelewesha mama lishe, mama lishe akamchelewesha mwenye duka la mchele. Ukiufuata mnyororo ule mpaka mwisho, mdhamini wa meza namba 27 alikuwa mwanamke anayepika maharage chini ya turubai, na jina lake halikuwa kwenye kijitabu cha ratiba.

Mwaka ule ule, mwezi Machi, ilikuwa imesainiwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na magazeti yalikuwa yameisifu na kuikosoa vya kutosha. Niliisoma, kazi yangu ilinidai niisome. Inavitaka vyama na wagombea waweke wazi michango wanayopokea na matumizi yao, na hesabu ziende kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ni sheria yenye maana. Lakini hesabu za gharama zinawasilishwa uchaguzi ukiwa umekwisha. Mpiga kura anakwenda kituoni asubuhi bila kujua nani alilipia jukwaa, halafu baadaye, anayejali, anaweza kuuliza.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ile kesi ya takrima. Vijana hawaijui. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, chakula na vinywaji vinavyotolewa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Asasi za haki za binadamu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwa mojawapo, zilikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji wakavifuta vifungu vile kwa kuwa vinakiuka Katiba. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mgombea mwenye pesa na asiye nazo hawawi sawa mbele ya sheria ikiwa mmoja anaruhusiwa kulisha watu.

Nilikuwa naikubali hukumu ile, na bado naikubali. Ila baada ya usiku ule nilianza kuona kwamba inaikamata sahani inayopita upande mmoja tu. Mgombea akimpa mwanakijiji sahani ya pilau, ni rushwa. Mfanyabiashara akinunua sahani ya pilau ya mgombea kwa milioni moja na nusu, ni hafla, na wanapiga picha. Kinachobadilika ni nani aliyeshiba. Na ukiniuliza ni sahani ipi inayopotosha nchi zaidi, nitakwambia mwanakijiji anakula pilau ya watu watatu tofauti na kumpigia kura wa nne. Wa meza kuu hali cha mtu bure, wala halishi mtu bure.

Mwalimu Nyerere aliuliza swali hili mwaka 1995, wakati watu wanagombania kuingia Ikulu kwa pesa: wamezipata wapi, na kama wamekopeshwa watalipa na nini? Ni swali la kihasibu tupu. Upande wa kulia umeandika deni, sasa nionyeshe upande wa kushoto.

Asije mtu akadhani hii ni aibu yetu peke yetu. Aprili 2016, San Francisco, mwigizaji George Clooney aliwachangishia Hillary Clinton na chama chake, na viti viwili vya meza kuu vilikuwa na bei ya hadi dola 353,400. Alipohojiwa kwenye televisheni alikubali mwenyewe kwamba ni pesa za kuchukiza. Lakini chakula kililiwa. Jirani zetu Kenya wana harambee, jambo jema la kujengea shule lililogeuka jukwaa la wanasiasa kumwaga noti, na kule nimeona kitu kimoja kilichonipa faraja: Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba michango waliyoitoa Rais William Ruto na Gavana Johnson Sakaja katika kanisa la Soweto, jijini humo, itarudishwa. Niliposoma habari ile nilimkumbuka dereva wetu na kipande chake cha kiazi. Pesa unaweza kuirudisha. Supu ya uyoga utairudishaje?

Sasa nieleze yaliyonihusu mimi, maana mpaka hapa nimesimulia kama shahidi.

Wiki ya sita baada ya hafla, malipo yetu yalitoka. Mzee alinipigia simu akicheka, "Umeona?" Sikuona. Wiki ile ile alilipwa mkandarasi mwingine tuliyekuwa tumepanga naye jengo moja, na huyo alikuwa amekataa kadi mbele ya mashahidi, akamwambia kijana wa suti aende akaiuze Kariakoo. Kwa hiyo yawezekana pesa zilikuwa zinakuja tu. Nilimwambia mzee hivyo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayebisha kwamba dawa haikumponya. Uchaguzi uliofuata, 2015, alinunua meza tena, safari hii ya fedha.

Na mimi? Mwaka 2013 nilikuwa nafuatilia hati ya kiwanja changu. Ofisi siitaji. Nilikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita nikakuta mkuu wa kitengo amebadilishwa, na jina mlangoni ni la yule afisa wa meza ya 24. Kadi yake nilikuwa bado ninayo, kwenye droo, pamoja na kijitabu cha ratiba. Nikapiga simu nikiwa pale pale nje. "Shikamoo mheshimiwa. Mimi ni yule kijana wa hesabu, tulionana kwenye ile hafla ya 2010."

"Aaah! Meza ya karibu na jiko!" Akacheka. "Uko wapi? Ingia."

Kwenye korido kulikuwa na benchi refu. Mwisho wake, karibu na mlango, alikaa bibi mmoja mwenye mfuko wa plastiki wa bluu uliojaa karatasi, amefunga mdomo wa mfuko kwa mpira wa baiskeli. Tulikuwa tumesalimiana asubuhi. Alikuwa ametoka Mkuranga na daladala la saa kumi na moja alfajiri, na alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilipofungua mlango alinyanyuka nusu, akidhani ndiyo zamu imeanza, kisha akanitazama ninavyoingia, akakaa. Hakusema kitu. Akarekebisha mpira wa baiskeli.

Nilitoka baada ya dakika 20 nikiwa nimeambiwa nirudi Ijumaa kuchukua hati. Nilipita upande wa pili wa korido.

Sikutoa hata shilingi mia siku ile. Chakula alikilipia mzee, miaka mitatu nyuma, kwa pesa za mama lishe, na mimi nikaja kuchukua chenji. Nimewahi kulisimulia hili kwa rafiki yangu mmoja wakili, akanipa moyo kwamba hakuna kosa lolote la kisheria hapo. Ninajua. Hati ninayo, nyumba nimejenga, naandika haya nikiwa ndani yake, sebuleni.

Siku hizi nina ofisi yangu ndogo ya hesabu, wateja wenye maduka na karakana. Mwaka jana, 2025, ulikuwa tena mwaka wa uchaguzi, na simu yangu ilijaa kadi za kupigwa picha. Mwezi Agosti CCM ilifanya harambee yake Mlimani City ikiwa na lengo la shilingi bilioni 100, na usiku ule ule zikatangazwa zaidi ya bilioni 86, taslimu na ahadi pamoja. Mapema mwaka huo CHADEMA walikuwa wameanzisha changizo lao la Tone Tone, mtu anatuma kidogo alichonacho kwa simu. Sitaki kusema hawa watakatifu na wale mashetani. Siasa zinahitaji mafuta ya magari na spika, na ruzuku ya serikali huenda kwa aliyekwisha kupata kura. Ninachojua ni kwamba aliyetuma shilingi elfu mbili kwa simu hawezi kumpigia mkuu wa kitengo akamwambia, "Mimi ni yule wa elfu mbili." Na jumla ya bilioni 86 ni mstari wa mwisho wa ukurasa. Mhasibu yeyote, ukimpa ukurasa, anaanza kusoma mistari ya juu.

Mmoja wa wateja wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinitumia kadi yake kwa WhatsApp. Ya mgombea wa jimbo, meza milioni tatu, watu wanane. Chini yake akaandika: "Mhasibu hii naiweka wapi?"

Nikamwambia iandikwe kwa jina lake, mchango wa siasa, na isipite kwenye duka kabisa. Atoe mfukoni mwake.

Akapiga simu. "Ninyi mwaka ule mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Matangazo."

"Basi na mimi ni matangazo."

"Unatangaza nini?"

Kimya. Nilisikia mtu dukani kwake anauliza bei ya misumari ya nchi nne. Akamjibu, akarudi. "Natangaza kwamba nipo."

Nikamwambia hilo ndilo nisiloweza kuliandika. Akakata simu kwa hasira kidogo, na kwa siku mbili hakujibu ujumbe wangu wowote, hata wa ritani ya kodi. Siku ya tatu usiku, karibu saa nne, ikaingia picha ya sahani: kuku, viazi, majani mawili ya kotimiri. "Kuku mgumu," aliandika. "Halafu wametuweka karibu na choo."

Mwisho wa mwezi nilipofunga hesabu zake, milioni tatu ilikuwepo pale nilipomwambia, matumizi binafsi ya mmiliki, risiti imeambatanishwa. Vitabu vya duka ni safi. Mke wake, mteja mwenyewe ameniambia na kuniomba nisije nikateleza mdomo, anadhani zile zilikuwa pesa za matairi ya gari.